Fisi wa Kolmanskop: picha hii ilipigwa na mtu au na mtambo?

Mlezi wa Chama, Njoro (Nakuru)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninalea chama cha wanafunzi cha uhifadhi wa wanyamapori katika shule moja huku Njoro, na nimekuja na ubishi ambao nimeshindwa kuuamua. Tulikuwa tukitazama picha zilizoshinda mashindano ya Wildlife Photographer of the Year, yale yanayoandaliwa na Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la London, ambayo yalianza mwaka wa 1965 na ambayo mwaka wa 2025 yalipokea picha zaidi ya 60,000 kutoka pembe zote za dunia. Tuzo kuu ya mwaka huo ilimwendea Wim van den Heever wa Afrika Kusini. Picha yake inamwonyesha fisi wa kahawia amesimama usiku kando ya gofu la nyumba huko Kolmanskop, mji wa wachimba almasi nchini Namibia ambao wenyewe waliuhama zamani na ambao sasa unamezwa na mchanga wa jangwa. Mpiga picha aliziona nyayo za fisi hao mjini humo, akatega kamera, na ikamchukua miaka kumi kuipata picha aliyoitaka.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alisema bila kupepesa macho kwamba kamera ilijipigia yenyewe na kwamba bwana huyo alikuwa amelala. Wenzake wakamjibu kuwa hakuna anayelala miaka kumi. Nilipowaeleza kwamba hata mshindi wa mwaka wa 2020, Sergey Gorshkov wa Urusi, alimpata simbamarara wake aliyeukumbatia mti kwa kamera ya kutegea, kelele ziliongezeka.

Kwa hivyo nauliza: picha iliyopigwa wakati mwenyewe hayupo ihesabiwe kuwa kazi ya mtu? Na kama ndiyo, mpaka uko wapi? Ningependa majibu yenye sababu, kwa maana nitawasomea Ijumaa, na hawa si watoto wa kuridhika na kuambiwa kwamba majaji wameshaamua.

Studio Kando ya Ziwa, Kisumu

Mwalimu, asante kwa swali. Mimi hupiga picha za harusi na mahafali hapa Kisumu, na siku ambazo sina kazi huenda Dunga kuwavizia ndege wa kwenye mafunjo, kwa hivyo pande zote mbili za ubishi wenu nazifahamu.

Kamera ya kutegea haijui lolote. Mtu ndiye anayechagua mahali, kimo kutoka ardhini, lenzi, upande ambao taa zitamulika na sehemu ya picha ambamo mnyama atakuwa amesimama siku akipita. Kisha huiunganisha na kitambuzi ambacho mnyama akikikatiza, au joto la mwili wake likihisiwa, kamera hufyatuka. Baada ya hapo kuna vumbi, umande, betri zinazokufa, na mamia ya picha za panya na majani yaliyotikiswa na upepo. Gorshkov alizunguka katika Hifadhi ya Taifa ya Land of the Leopard, mashariki ya mbali ya Urusi, akitafuta miti yenye harufu, manyoya na mikwaruzo ya simbamarara, akauchagua mmoja, akaitega kamera mkabala nao na kusubiri kwa zaidi ya miezi 11. Kazi yote ilifanyika kabla ya mnyama kufika. Mwulizeni huyo wa kidato cha tatu kama anamwona mpiga picha wa kweli yule anayeshikilia kamera mkononi na kufyatua picha ishirini kwa sekunde moja, akiomba Mungu moja wapo itoke vizuri.

Isitoshe, fisi wa kahawia ni mnyama wa usiku na mwenye haya. Hupita Kolmanskop akielekea pwani kuwinda watoto wa sili. Mtu angekaa pale na kamera yake begani, angepiga picha ya gofu.

Kuhusu mpaka, mimi siutafuti kwenye kidole kilichobonyeza. Nautafuta kwa mnyama: alikuwa huru, na alikuja kwa hiari yake? Mwaka wa 2009 tuzo kuu ya mashindano hayohayo ilimwendea José Luis Rodríguez wa Uhispania kwa picha ya mbwa mwitu akiruka lango la zizi usiku, nayo ilikuwa ya kamera ya kutegea. Mapema mwaka wa 2010 alinyang'anywa, kwa sababu waandaaji waliamini kwamba yaelekea mbwa mwitu yule alikuwa wa kufugwa. Mwaka wa 2018 ikaondolewa picha ya Marcio Cabral wa Brazili, iliyokuwa imeshinda katika kundi lake mwaka uliotangulia, ya mnyama mla mchwa akikikaribia kichuguu kinachometameta usiku. Wataalamu walimlinganisha mnyama huyo na mwingine aliyekaushwa, ambaye huonyeshwa katika kituo cha wageni cha Hifadhi ya Emas, wakaziona alama za manyoya zinafanana mno. Wapiga picha wote wawili walikanusha. Hata hivyo, tazama kwamba katika kesi hizo hakuna aliyelalamikia mtambo.

Mama wa Maktaba, Kakamega

Ndugu wa Kisumu ameeleza vizuri, ila amelipita kando jambo moja, nalo ni nani anayeweza kusubiri. Kukiacha kifaa cha bei ghali jangwani mwaka baada ya mwaka ni subira ya mtu mwenye kifaa kingine nyumbani. Huku kwetu ukiiacha kamera msituni usiku mmoja, asubuhi utaikuta sokoni, na sitasema ni soko gani.

Kwa sababu hiyo mimi naipenda zaidi picha iliyoshinda mwaka wa 2024, ya Shane Gross wa Kanada. Alielea kwa saa nyingi katika ziwa moja kwenye Kisiwa cha Vancouver, chini ya zulia la mayungiyungi, akijihadhari asitibue tope la chini, na akawapiga picha viluwiluwi wa chura wakipanda kutoka kilindini kwenda kutafuta chakula kwenye maji mafupi. Inakadiriwa kwamba asilimia 99 ya viluwiluwi hao hawafikii utu uzima, na ukishalijua hilo, wingi wao ndani ya picha unakushika kwa namna nyingine. Mwaka wa 2022 vilevile ilishinda picha ya nyuki: Karine Aigner wa Marekani aliishusha kamera hadi usawa wa mchanga huko Texas, na akalinasa bumba la nyuki madume wakimgombania jike mmoja. Viluwiluwi wamo katika kila dimbwi la Kakamega mvua ya masika ikinyesha. Wanafunzi wa Mwalimu hawahitaji kwenda Namibia.

Na kwa kuwa tunaulizwa maoni, nitasema langu: picha ya Kolmanskop inabebwa na nyumba. Liondoe gofu, utabaki na fisi tu. Simbamarara wa Gorshkov hahitaji msaada wa jengo lolote.

Mkazi wa Marigat

Mmezunguka Namibia na Urusi, na mmeiacha picha iliyopigwa mlangoni mwetu, mwendo wa saa chache tu kutoka Nakuru. Mwaka wa 2021, katika mashindano ya World Press Photo yenye makao yake Amsterdam, zawadi ya kwanza ya picha moja ya mazingira ilimwendea Ami Vitale wa Marekani kwa picha ya twiga wa Rothschild akivushwa katika Ziwa Baringo, mwezi wa Desemba 2020. Twiga amesimama peke yake ndani ya chelezo cha chuma chenye kuta, shingo yake imejitokeza juu, na maji ya rangi ya udongo yamemzunguka kila upande.

Naileta hapa kwa sababu mwenye kuipiga alikuwapo, alibonyeza kwa kidole chake, mnyama hakuwa wa kukaushwa wala wa maonyesho, na bado mtu anaweza kuitazama asielewe chochote. Jamaa yangu wa Mombasa aliipokea kwa simu akadhani ni tangazo la utalii. Longicharo, mahali alipotolewa twiga yule, palikuwa sehemu ya nchi kavu iliyoingia ziwani. Twiga wanane waliletwa huko mwaka wa 2011 ili wawe salama kutokana na wawindaji haramu. Ziwa likapanda mpaka pakawa kisiwa, kisiwa kikazidi kupungua, na malisho yakawaishia. Uokoaji ulianza Desemba 2020 na kumalizika Aprili 2021, mnyama mmoja baada ya mwingine, kwa ushirikiano wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, mashirika ya uhifadhi na hifadhi ya jamii ya Ruko. Na hiyo Ruko yenyewe ni habari nzito kuliko twiga, kwa kuwa iliundwa na Wailchamus na Wapokot, jamii mbili ambazo ziliwahi kuoneshana silaha badala ya salamu, na walinzi wake hutoka pande zote mbili.

Hakuna hata kimoja cha haya ndani ya fremu. Kiko kwenye maelezo yaliyoandikwa chini yake. Ziwa hilohilo limezamisha nyumba, shule na zahanati za watu, na wako waliohama wakiwa na mbuzi wachache na magodoro, ambao hawakupata chelezo. Simlaumu mpiga picha, alikwenda kwa kazi ya twiga na aliifanya. Ninachomwomba Mwalimu ni kwamba, kabla chama hakijaamua picha ni ya nani, wanafunzi wasome maelezo ya picha kwa sauti, halafu waulize ni kitu gani kilikuwa nje ya fremu.

Mchora Mabango, Nakuru Mjini

Nakubaliana na Marigat, na nitaongeza habari ya heroe, maana wengi nje ya hapa huijua Nakuru kwa ndege hao.

Mwaka wa 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani alishinda kundi moja la Sony World Photography Awards kwa picha ya wanawake wawili, kisha akaikataa tuzo na kutangaza kwamba ilitengenezwa kwa akili unde. Alitaka kuona kama waandaaji walikuwa wamejiandaa. Mwaka uliofuata Miles Astray akafanya kinyume chake. Aliingiza picha halisi ya heroe aliyempiga kisiwani Aruba, akiwa amekiinamisha kichwa kujikuna tumboni hadi anaonekana hana kichwa, katika kundi la picha za akili unde la 1839 Awards. Ilipata nafasi ya tatu na kura za watu, kisha ikaondolewa kwa kosa la kuwa ya kweli. Sijawahi kusoma hukumu ya kuchekesha kuliko hiyo.

Sasa tazameni ziwa letu. Picha za Nakuru lenye ukingo wa waridi bado zinasambazwa kana kwamba zilipigwa jana. Ni picha halali, hakuna aliyezichezea, lakini tangu maji yalipopanda chumvi imepungua, vijimea vidogo vya kijanibuluu ambavyo heroe hula vikapungua pia, na makundi makubwa yamekuwa yakihamia Bogoria na kwingineko. Mtu akiniletea picha ya namna hiyo kwa ajili ya bango, swali langu la kwanza huwa ni la tarehe. Picha ya kweli yenye mwaka wa uongo inanisumbua zaidi kuliko fisi aliyejipiga mwenyewe.

Mlezi wa Chama, Njoro (Nakuru)

Nawashukuru sana. Mama wa Kakamega, hoja yako ya nani anayeweza kusubiri itazua vita vipya, lakini nitaisoma kama ulivyoiandika. Nadhani hata hivyo umemwonea fisi: gofu lile lilijengwa na watu waliodhani watakaa, na anayepita humo sasa ni mnyama ambaye wao wangemfukuza kwa bunduki. Nyumba na fisi ni habari moja, na kumtenganisha mmoja na mwenzake ni kuivunja picha.

Ndugu wa Marigat, zoezi la kusoma maelezo kwa sauti nimelichukua. Nitaifunika kwanza ile picha ya twiga, nisome maelezo, ndipo niifunue. Kundi la pili litaanza na picha. Nina hamu ya kuona makundi hayo yatatofautiana wapi.

Nimebakiwa na swali dogo kwa Studio. Wawili kati ya wanafunzi wangu wana simu zenye kamera nzuri na wanataka kujaribu bahati yao kwa viluwiluwi wa bwawa la shule. Wanaweza kuingia mashindano ya London, au ni ya watu wenye studio?

Studio Kando ya Ziwa, Kisumu

Wanaweza, Mwalimu. Kuna sehemu ya vijana wa miaka 17 kurudi chini, na wao hawatozwi ada ya kuingia. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma chochote, hasa yale ya ukubwa wa picha, maana simu nyingi hupunguza picha zikitumwa kwa ujumbe. Waihamishe kwa waya.

Waambie pia wasifute faili asili hata kama picha imetoka na dosari. Ikifika hatua za mwisho, majaji huitaka ili wailinganishe na iliyotumwa. Mwaka wa 2015 World Press Photo waliziondoa takriban asilimia 20 ya picha zilizokuwa zimefika duru ya kabla ya mwisho, kwa sababu faili asili zilionyesha vitu vilivyoongezwa au kufutwa. Kupunguza giza kidogo kunaruhusiwa. Kuling'oa jani linaloziba kiluwiluwi hakuruhusiwi. Jani likiziba, wasogee wao, taratibu, na viatu wavivue ukingoni wasije wakalitibua bwawa zima.