Shemasi anayemhonga askari jela: huruma au dhambi?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Kila tarehe 7 Machi tunawakumbuka Perpetua na Felicitas, Wakristo waliouawa kwa imani yao uwanjani Carthage, mji wa Kirumi Afrika Kaskazini, mwaka 203, na mahubiri hukimbilia wanyama na upanga. Mimi nataka tubaki gerezani kwanza. Perpetua, mama wa miaka kama 22 mwenye mtoto wa kunyonya, aliandika mwenyewe habari za giza lile, joto la watu waliobanana, na askari waliokuwa wakiwakamua. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, wakawapa walinzi chochote, wafungwa wakahamishiwa sehemu yenye nafuu kwa saa chache. Hapo ndipo alipomnyonyesha mwanawe, keshalegea kwa njaa.

Kwa lugha yetu ya leo, hiyo ni rushwa. Perpetua anawaita mashemasi hao wabarikiwa. Msimamo wangu: walifanya sawa. Hawakununua hukumu, hawakumtorosha mtu. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, rushwa ni rushwa hata ikitolewa na shemasi. Ukishalipa leo, kesho askari anapandisha bei, na mahabusu asiye na kanisa nyuma yake anaozea shimoni. Tena endelea kusoma. Afisa wa jeshi aliyewasimamia alipozidisha ukali, Perpetua alimkabili uso kwa uso: sisi tumewekewa sikukuu ya kuzaliwa kwake Kaisari, huoni ni sifa kwako tukifika tumenona? Jamaa akaona haya, akaruhusu ndugu waingie. Hakupewa hata senti.

Mchangiaji wa pili
Huyo alikuwa na haya. Wangapi wanazo?

Mfungwa wa Kirumi alitegemea sana vya kuletewa na watu wake, na mlangoni ndipo penye mlinzi. Wala si mashemasi hao wawili tu. Lucian wa Samosata, mpagani aliyewacheka Wakristo, anasimulia kifungo cha Peregrinus, mtu aliyefungwa kwa kuwa Mkristo: wajane na yatima wako nje ya gereza tangu alfajiri, na viongozi wamewahonga walinzi wakalala ndani pamoja naye. Alikuwa akiwadhihaki, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuwapamba.

Mchangiaji wa tatu
Mnagombania sarafu, ila kilichowasumbua maaskofu zaidi ni umati. Mwaka 250 Cyprian, askofu wa Carthage, akiwa mafichoni wakati wa mateso, aliwaagiza mapadri wake wafungwa wahudumiwe, lakini watu wasiende makundi makundi. Padri na shemasi mmoja waingie kwa zamu, wasizue chuki. Busara tupu, kwa maoni yangu.

Ila busara hiyo ina ukingo wake. Mwaka 304, Wakristo waliokamatwa mji wa Abitinae walipokuwa gerezani Carthage, inasemekana na Wadonati, kundi lililojitenga baadaye na kanisa la huko, kuwa Askofu Mensurius wa Carthage na shemasi wake Caecilian waliweka watu wenye mijeledi kuzuia chakula kisiwafikie. Walioandika ni mahasimu wao, tusimeze yote. Lakini Mensurius naye, kama anavyoeleza Askofu Augustino, alilalamika kwamba baadhi ya waliojipeleka kukamatwa walikuwa na madeni au makosa yao, wakitafuta kula vizuri kwa zawadi za waumini. Inawezekana kabisa. Hata hivyo, utamjuaje mdaiwa ukiwa umeshafunga mlango?

Mleta mada
Hoja ya asiye na kanisa imeniingia. Tertius hakumlipia kila mtu gerezani. Lakini fikirieni na hili. Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa, anaandika kuwa mfalme wa Kirumi Licinius, katika karne ya 4, alitunga sheria ya kukataza kuwapa wafungwa chakula, na anayetoa apate adhabu ileile ya mfungwa. Hapo mkate wenyewe ni kosa. Shemasi aende mikono mitupu?

Mchangiaji wa kwanza
Aende na mkate mchana kweupe, na akikamatwa akamatwe. Huyo anaivunja sheria ya dhuluma na gharama anailipa mwenyewe. Anayemtilia askari sarafu mfukoni anamwachia gharama mfungwa wa seli ya pili. Usiwaweke kapu moja.