Ukoo wa Bibi Makorora 🌴: mazoezi ya uso

ALHAMISI

[06:12] Mama Mdogo Zena: Assalaam aleykum wote. Jumamosi saa 4 asubuhi barazani kwa Bibi, mazoezi ya uso kwa wazee wetu. Bibi, Baba Zuu, Bi Mwanahamisi wa jirani, na yeyote aliyepita 60. Kila mtu aje na kioo cha mkononi. Nijibuni.

[06:13] Mama Mdogo Zena: Juzi Bibi kapaliwa na chai mara mbili mbele ya macho yangu. Ulimi nao unachoka kama miguu inavyochoka. Miguu tunaipeleka matembezi, ulimi je?

[06:50] Mama Mdogo Zena: Naona tiki za buluu 14. Mmesoma.

[07:31] Idi: Shikamoo mama mdogo. Mazoezi ya uso ndiyo yapi, kununa?

[07:33] Mama Mdogo Zena: Marahaba. Kununa kumo. Unajaza hewa shavu la kulia unaihamishia la kushoto. Unabusu hewa kisha unatabasamu mpaka meno ya nyuma. Unapandisha nyusi kama umetajiwa bei ya nyama. Unafumba macho kisha unayatoa kama mjusi kabanwa na mlango. Ulimi unautoa kuitafuta pua, kisha kidevu.

[07:35] Sele Muscat: Nyusi za bei ya nyama Bibi anazo tangu sisi wadogo 😂😂

[07:36] Idi: Na mjusi ni wewe Sele, picha ya kitambulisho chako iko humu humu

[07:36] Sele Muscat: Ujumbe huu umefutwa

[07:40] Mama Mdogo Zena: Chekeni, hayo nayo ni mazoezi. Wajapani kwenye nyumba za kutunzia wazee, kabla ya kula wanatamka pa, ta, ka, ra. PA inakaza midomo chakula kisimwagike. TA ni ulimi wa mbele. KA ni kule nyuma, pale pa kumezea. RA ulimi unajikunja. Wakishamaliza ndipo wanashika kijiko.

[07:44] Idi: Mbona sisi tunayo yetu? Katibu kata wa kata ya Mkata amekataa kukata miti katika kata ya Mkata. Ta na ka tupu.

[07:51] Baba Abuu: Niko kwenye basi hapa Mkata sasa hivi. Nimeisema mara tatu kwa sauti, abiria wa pembeni kahama kiti.

[07:52] Sele Muscat: 😂😂😂😂

[07:53] Mama Mdogo Zena: Idi umesema jambo kubwa. Vitanza ndimi viingie. Bibi anavyo vya kwao ambavyo hata mimi sivijui vyote, tuvirekodi kabla havijapotea.

[08:20] Sele Muscat: Hapa kazini Wahindi wetu wanakwenda bustanini alfajiri kucheka bila sababu. Wanasema kaanzisha Dk Madan Kataria wa Mumbai, 1995, na watu watano tu.

[08:22] Mama Mdogo Zena: Ahsante Sele. Leo umetufaa.

[09:15] Dada Mwana: Na sisi wa 45 tunaruhusiwa? Nasikia yanaondoa mikunjo 🙈

[10:02] Rukia Fizio: Shikamooni. Dada, mimi kama mtu wa fiziotherapia, tiba ya mazoezi, nakwambia upo utafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, wa 2018. Wanawake wa miaka 40 hadi 65 walifanya nusu saa kila siku kwa wiki 8, kisha kwa kuruka siku moja moja hadi wiki ya 20. Madaktari walipopewa picha bila kujua ipi ya mwanzo ipi ya mwisho, umri waliowakisia ulishuka kutoka karibu 51 hadi 48. Mashavu yalijaa kidogo. Lakini walianza 27 wakamaliza 16, ni wachache mno. Mimi nisingemwahidi mtu kitu.

[10:03] Idi: 11 walitoroka na mikunjo yao

[10:05] Dada Mwana: Nusu saa kila siku na nguo hizi za kufua nani atafua

[10:09] Idi: Mimi naleta maputo 20 yaliyobaki harusini. Wazee washindane kupuliza, wa kwanza kupasua anapewa khanga.

[10:14] Rukia Fizio: Idi, maputo yasimguse Mjomba Shabani, Baba Zuu. Neva ya uso iliyoumia ukiilazimisha kwa nguvu, misuli inajifunza vibaya, unatabasamu na jicho linajifumba lenyewe. Kwake yeye ni mbele ya kioo, taratibu, mwendo mdogo, pande zote mbili zikienda sawa. Upande wenye nguvu unausubiri ule mwingine. Hata kutafuna bigijii kutwa kutwa haimfai.

[10:15] Sele Muscat: Maputo ya harusi ipi? Ile pilau iliisha sisi tukiwa tunapaki gari?

[10:15] Dada Mwana: Haikuisha, ilifichwa

[10:16] Idi: Sufuria moja ilionekana Chumbageni 👀

[10:18] Dada Mwana: Umeme umekatika Mabawa, na huko kwenu?

[10:30] Rukia Fizio: Jamani, kuhusu maputo mmenisoma?

[11:47] Mama Zuu: Mimi nimekusoma mwanangu. Na kwa kuwa neva imetajwa, basi itajwe yote. Mume wangu mdomo ulipinda Jumatatu. Hospitali kafika Alhamisi. Siku tatu anafukizwa udi Pangani. Mnakumbuka aliyeendesha gari.

[11:49] Mama Mdogo Zena: Wifi, si leo.

[11:50] Mama Zuu: Itakuwa lini? Mimi ndiye ninayemfuta chai shavuni miaka sita.

[12:08] Baba Abuu: Kila nikitia neno humu naletewa Pangani. Gari langu, mafuta yangu. Sawa.

[12:26] Rukia Fizio: Samahanini wakubwa, niseme la kitaalamu tu. Uso ukipooza kwa neva kuvimba, dawa inafanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72. Wengi hurudi hali yao ndani ya miezi kadhaa, wengine haurudi wote. Lakini uso ukianguka ghafla, au mkono unalegea, au maneno yanavurugika, usikae kuhesabu saa. Huenda ni kiharusi. Hospitali wakati huo huo, asikandwe, asifukizwe, na asianzishiwe haya mazoezi yangu.

[16:40] Tatu (simu ya Bibi): [Sauti 1:07]

[16:44] Tatu (simu ya Bibi): Walio kazini, Bibi kaniambia niandike neno kwa neno:
"Pangani nilisema mimi. Baba Abuu alinishika mkono akaniambia mama twende hospitali. Mimi nikamwambia huyu kapigwa kofi na jini, mpeleke kwa mtu wetu, na ukinikatalia usiingie tena kwangu. Akanitii. Akasemwa miaka yote akanyamaza kwa ajili yangu. Kosa ni langu na Mungu ananijua. Asiulizwe tena."

[16:45] Tatu (simu ya Bibi): Na kasema Jumamosi atakuja ila kioo hataki, uso wake anaujua. Yeye atapiga vigelegele.

[18:20] Mama Mdogo Zena: Tumekusikia mama.

[19:02] Sele Muscat: 🤲🏾

IJUMAA

[05:58] Mama Zuu: Shikamoo mama. Shemeji, maandazi ya Jumamosi nitaleta mimi. Yale ya iliki unayopenda.

[09:10] Baba Abuu: Ahsante shemeji.

[09:12] Rukia Fizio: Vigelegele ni zoezi kamili, ulimi unakimbia, pumzi inatoka ndefu. Tuanze na hivyo. Ila kwa maandazi, mtu asifanye zoezi na kitu mdomoni. Kwanza mazoezi, tunapumzika, ndipo chai, na Bibi akae wima ameinamisha kidevu kidogo.

[09:30] Mama Mdogo Zena: Basi tumepanga. Kesho saa 4. Waliothibitisha: Bibi, mimi, Mama Zuu, Idi. Wengine?

[13:55] Dada Mwana: Bi Mwanahamisi ana hitima Muheza kesho, kaomba iwe Jumapili

[14:20] Mama Mdogo Zena: Jumapili Rukia anarudi Moshi.

[14:21] Idi: Afanye kwa video

[14:23] Rukia Fizio: Kwa wengine sawa. Kwa Mjomba ningependa nimkalie mbele nimwone.

[21:16] Mjomba Shabani: Nitakuja. Kioo ninacho. Saa 4 jua linapiga pale barazani, iwe saa 2.

[21:17] Idi: Mjomba!! Karibu sana 🙌🏾 Hujaandika humu tangu Idi ya mwaka juzi

[21:19] Mjomba Shabani: [Sauti 0:11]

[21:20] Sele Muscat: Kasema "katibu kata" yote mpaka mwisho 😭

[21:20] Rukia Fizio: Mjomba, "kata" ya mwisho imetoka safi kabisa. Usirudie tena leo, pumzika.

[21:24] Mama Mdogo Zena: Shabani saa 2 mama anakuwa hajamaliza uji. Tuseme saa 3?

[21:40] Tatu (simu ya Bibi): Bibi anauliza viti nani analeta, vile vya msikitini vimekwenda Muheza kwenye hitima

[22:31] Mama Mdogo Zena: Viti jamani.

[22:50] Sele Muscat: Mimi niko Muscat

[23:02] Mama Mdogo Zena: Naona tiki za buluu 9.