Hawa wachambuzi wa Iran na "msimamo mkali" wao wanatupotosha!

Wakuu, jana usiku nimezima redio kwa hasira. Mchambuzi kakaa nusu saa nzima anawapanga Wairani mafungu mawili kama nyanya za sokoni: wenye msimamo mkali huku, wa wastani kule. Kamaliza, kalipwa.

Haya, Masoumeh Ebtekar anaingia fungu gani? Mwaka 1979 alikuwa msemaji wa wanafunzi walioteka ubalozi wa Marekani pale Tehran, Wamarekani 52 wakashikiliwa siku 444. Mwaka 1997 huyo huyo ni makamu wa rais katika serikali ya Khatami, serikali ya wanamageuzi!

Mir Hossein Mousavi je? Alikuwa waziri mkuu toka 1981 hadi 1989, mtu wa mrengo wa kushoto. Na "kushoto" ya wakati ule haikuwa habari ya hijabu wala uhuru wa magazeti. Ugomvi ulikuwa uchumi: vita na Iraq imepamba moto, chakula kwa kuponi, huku wafanyabiashara wa bazari na masheikh wa mrengo wa kulia wakitaka serikali itoe mkono wake kwenye biashara. Mwaka 2009 Mousavi akarudi kugombea urais akiungwa mkono na wanamageuzi. Februari 2011 akafungiwa nyumbani kwake.

Halafu hili la "wahafidhina" ndilo linaniua kabisa. Wenyewe wanajiita osulgara, watu wa misingi. Humo humo yumo Ali Larijani, aliyekuwa spika bunge likipitisha mkataba wa nyuklia wa 2015, na yumo Saeed Jalili, aliyeupinga mkataba huo mpaka basi. Kisha Larijani, mhafidhina mzima, akakatwa jina kwenye mbio za urais na Baraza la Kulinda Katiba, lile linalochuja wagombea, mwaka 2021, akakatwa tena 2024. Ahmadinejad naye, rais wa zamani, mtu mliyetuambia ndiye mkali wa wakali, kakatwa 2017, 2021 na 2024. Nusu ya baraza hilo, watu 6 kati ya 12, huteuliwa moja kwa moja na Kiongozi Mkuu. Hilo mchambuzi hakuligusa kabisa!

Desemba 2017 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tehran waliimba kwamba mwanamageuzi na mtu wa misingi, wote mchezo wao umekwisha. Nao tuwaweke fungu la wastani?

Mwenye namba ya kupiga studio anitumie inbox.