Viza ya Canada inaisha mwezi wa tano na mtoto hajamaliza darasa la sita. Tunaweza kuongezewa muda?

Mama_Dori, Katuba
Jambo yenu wote. Mume wangu yuko Ottawa, alifungua dosie (faili la maombi) ya kutuita mimi na binti yetu wa miaka 12. Wiki hii pasipoti zimerudi na viza ndani, Mungu asifiwe. Lakini nilipotazama vizuri nikaona inaisha tarehe 28 Mei! Pasipoti zenyewe bado zina zaidi ya miaka mitatu. Mtihani wa taifa wa darasa la sita unakuja baada ya hapo, na minerval (ada ya shule) ya mwaka mzima nimeshalipa. Je, tukirudi Kinshasa kupimwa afya upya, watatusogezea tarehe?

Kazembe_Golf
Hongera mama. Kwanza tuambie, mlipimwa lini?

Mama_Dori
Mwaka jana, tarehe 29 Mei. Sote wawili siku moja.

Kazembe_Golf
Basi jibu unalo. Canada inahesabu vipimo kuwa vizuri kwa miezi 12 tangu ulipopimwa, na tarehe ya mwisho ya viza ya mkaaji wa kudumu inafuata kile kinachoisha mapema kati ya vipimo na pasipoti. Kwa hiyo siku zenu zilikuwa zinakwisha wakati dosie imelala mezani kwao. Watu wanaitazama pasipoti tu, wanasahau ile radio (picha ya eksirei) ya kifua.

Kupimwa upya sasa hakusaidii. Viza ikishatoka hairefushwi, na ile karatasi ya kuthibitisha ukaaji pia hairefushwi. Ikiisha kabla hamjaingia, kwa kawaida mnarudi kuomba upya: fomu, malipo, kungoja, na kupimwa tena juu yake.

Papa_wa_Ruashi
Mama usiogope. Mwende tu mwezi wa saba, pale uwanja wa ndege wa Canada mutaeleza mambo ya masomo. Wazungu banasikiaka.

Kazembe_Golf
Papa, kwa heshima zote, hapana. Hata hawatafika mbele ya hao wazungu. Kijana wa kampuni ya ndege pale Luano, uwanja wetu wa Lubumbashi, atafungua pasipoti, aone viza imekwisha, awarudishe na mabegi yao. Kampuni ikimpakia mtu asiye na viza inalipishwa faini, kwa hiyo hawana huruma.

Yaya_Nathalie
Mi nilifanyaka hii safari na batoto. Mama, ongea na directeur wa shule mapema, umuombe bulletin (ripoti ya alama) ya trimestre (mihula) zilizokwisha na karatasi ya kuonyesha mtoto iko mu darasa gani. Kule banamuweka darasa kufuatana na umri na mahali alifika, hakuna mutu atakuuliza cheti cha sita. Ile minerval… samehe tu.

Mama_Dori
Asante yaya. Na kama tungeingia wote Mei, kisha mtoto arudi na mimi amalize mtihani?

Kazembe_Golf
Sheria haikatazi. Mkishaingia mmekuwa wakaaji wa kudumu, na mnadaiwa siku 730 za kukaa Canada ndani ya miaka mitano. Shida ni kurudi Canada. Ile viza ni ya kuingia mara moja, na kadi ya mkaaji inatumwa kwenye adresi ya Canada tu, tena si kesho yake. Mkitoka bila kadi, itabidi muombe hati ya safari mkiwa huku. Uzito wote huo, na bilete mara mbili, kwa ajili ya mtihani wa darasa la sita? Mimi nisingefanya.

Mwana_Lubum_Kampala
Naongeza kwa wanaopita njia ya Marekani, wasije wakachanganya na haya. Huko vipimo kwa kawaida ni miezi 6, na viza ya uhamiaji haivuki hapo. Radio ya kifua ikionyesha dalili za kifua kikuu, unatoa makohozi siku tatu, yanaoteshwa maabara wiki nane kuona kama vijidudu vinakua, na hata ukitoka salama muda wa vipimo vyako unaweza kubaki miezi 3. Jirani yangu hapa alikuwa ameshauza friji na vitanda kabla ya majibu. Akakaa kwenye mkeka akingoja makohozi.

Tresor_K
Swali la pembeni: mke wangu ana mimba na barua ya kwenda kupimwa imefika. Radio itakuwaje?

Yaya_Nathalie
Amwambie munganga mbele ya kitu chochote. Anaweza kungojea azale ndipo apigwe radio, mutaandikia ba immigration mubaeleze. Na mtoto akizaliwa mumutangaze mu dosie haraka, naye atapimwa.

Mama_Dori
Nimeongea na mume wangu, tunaenda. Tunatafuta bilete ya Addis hadi Toronto, ameona ya tarehe 27 ni ya bei rahisi.

Kazembe_Golf
Msichukue hiyo. Kinachohesabiwa ni siku mnayosimama mbele ya afisa Toronto, si siku mliyoondoka Luano. Ndege ikichelewa mkalala Addis, mmekwisha. Chukueni ya mwanzo wa mwezi hata kama ni ghali kidogo.

Mama_Dori
Sawa kaka. Namwambia sasa hivi kabla hajalipa.