Tupeane uzoefu: ahadi ya Mungu uliyoing'ang'ania kwa moyo wote

Mjukuu wa Bukoba
Bwana asifiwe wapendwa. Juzi nimerudi na Biblia ya marehemu bibi mzaa mama, Union Version, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Pembeni mwa mistari kaandika tarehe kwa penseli: ya kwanza siku aliyoanza kuiombea ahadi, ya pili siku aliyojibiwa. Zaburi 91, ile ya ulinzi, ina Novemba 1978 na Septemba 1979. Babu alikuwa mgambo vita vya Kagera. Lakini Matendo 16:31, "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako", ina tarehe moja tu, ya 1994. Bibi kafariki 2017. Siku ya tatu leo naurudia ukurasa ule. Wewe umeishika ahadi gani, na kusubiri kulikufanya nini?

Fundi Cherehani
Mithali 3:5. "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote." Hapo kwenye wote ndipo ninapokwama kila mwaka.

Kijana wa Rukwa
Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya." Nilimaliza chuo 2016, nikaubandika mstari huo ukutani juu ya kitanda. Usaili kumi na moja, bahasha za kaki zimenichakaa mkononi. Mwaka wa nne nikaanza kukoboa na kuuza unga. Sicho nilichoomba, ila siku ya ada ya mdogo wangu hela ilikuwepo.

Isakari
Ndugu yangu, usome na wa 10. Ile barua waliandikiwa mateka wa Babeli, wakaambiwa miaka sabini. Wengi waliosomewa walizikwa hukohuko. Ndiyo maana mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani. Huo unga wako ndio bustani.

Upako Daima
Ukianza kuichambua ahadi, imani inakimbia. Mimi Neno nalichukua lilivyo.

Isakari
Kulichukua lilivyo ndiko kulisoma lote, mpendwa.

Mama Wawili
Samahanini, nilikuwa nasoma tu, lakini ngoja niseme maana limenikaa kifuani.

Mwanangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Aligundulika akiwa na miezi tisa. Alipofika miaka mitano nikaenda naye kwenye mkesha, mtumishi akaniambia Isaya 53:5 imeshatimia, kwa kupigwa kwake sisi tumepona, na kila kidonge ninachompa mtoto ni kumwambia Mungu mwongo. Nililia sana. Nilikuwa nimechoka, jamani. Mnaojua foleni ya kliniki kila mwezi mtanielewa. Nikarudi nyumbani, kopo la asidi ya foliki nikalitupa chooni. Wiki tatu mtoto akacheza vizuri, nikasimama mbele ya kanisa nikatoa ushuhuda, watu wakashangilia.

Wiki ya nne, usiku wa Alhamisi, akaanza na magoti. "Mama nisugue." Nikamsugua mafuta ya upako, nikakemea mpaka sauti ikakauka. Saa nane akaacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikawasha tochi ya simu, nikamfunua kiganja: cheupe, hata ile mistari haina wekundu. Macho ya njano. Nikampigia mtumishi mara sita, hapokei. Nikampigia mama mkwe, ambaye mwezi ule ule nilikuwa nimemwambia hana imani. Akaja na bodaboda, kanga ya kulalia mwilini, akambeba mjukuu wake, na njia nzima anarudia, "Bwana, ulisema hutatuacha." Hospitali wakamwongeza damu, mashemeji wawili wakatoa. Daktari hakunifokea. Aliniuliza tu kama nimekula.

Mtoto yupo, darasa la tatu sasa. Miaka yote nilidhani mwenye imani ni mimi. Ile usiku aliyekuwa anamshika Mungu kwa ahadi yake ni yule mama. Mimi nilikuwa nimemwamini mtu mwenye maikrofoni.

Neema T.
Pole mama. Nasoma ndani ya daladala, nimepitiliza kituo.

Muuguzi wa Zamu
Asante kwa kusema, dada. Wenye watoto wa selimundu: foliki, kinga ya malaria, maji mengi, asipigwe baridi. Homa ikianza ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Sali njiani kama yule bibi.

Upako Daima
Pole dada, lakini tusiizime imani ya wengine. Baba mkubwa aliacha dawa za presha kwa imani, mwaka wa tano huu.

Muuguzi wa Zamu
Mpeleke akapimwe leo. Presha haiumi.

Isakari
Mfalme Hezekia alipougua aliahidiwa na Mungu mwenyewe miaka kumi na mitano ya kuishi, na bado Isaya akaagiza mkate wa tini ubandikwe kwenye jipu. Isaya 38. Ahadi na dawa siku moja, kinywa kimoja.

Upako Daima
Na mwanamke wa kutokwa damu miaka kumi na miwili? Matabibu walimmaliza mali.

Mama Wawili
Yule alipona kwanza, ndipo akaambiwa imani yako imekuponya. Hakuna aliyemwagiza atupe kitu chooni.

Hatujakata Tamaa
Ndoa yetu miaka kumi na minne, hatuna mtoto. Kila mtu ananiletea Sara na Hana. Ibrahimu alitoka Harani ana miaka 75, Isaka akazaliwa ana 100, na katikati, akiwa na 86, kulishatokea Ishmaeli. Mwanzo 17 ahadi ilipotajwa tena alianguka kifudifudi akacheka. Halafu Paulo kwenye Warumi 4 anasema hakusita! Nikiyasoma yote mawili pamoja napata pumzi. Asubuhi naomba Marko 9:24, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kuna siku naomba nusu ya pili tu.

Baba Askofu Mtarajiwa
Dada, funga siku tatu.

Neema T.
Usifunge dada, kula. Umelia vya kutosha.

Fundi Cherehani
Nusu ya pili. Naibeba hiyo.

Kijana wa Rukwa
Mjukuu, huyo wa 1994 ni nani?

Mjukuu wa Bukoba
Ni mjomba, kitinda mimba wa bibi. Pombe. Bibi alikuwa akimwachia mlango bila komeo kila usiku, mpaka alipougua. Jana kanikuta kibarazani na hiyo Biblia, akauliza tarehe ile ni ya nini. Nikamwambia. Akapitisha kidole juu ya penseli, polepole, kama anaogopa itafutika. Akasema, "Mama aliandika hivi kabla hajapata miwani." Kisha akaondoka, kilabuni nadhani.

Usiku sikuweka komeo.