Malisho ya Kilwa na Liwale, mkoani Lindi, yanapimwa Septemba, moto ukishapita. Halafu mnadai takwimu!

Wakuu, uzi huu ni wa nyinyi mnaotuma ujumbe wa "fomu za hali ya malisho zifike Ijumaa" mwezi wa tisa. Someni hadi mwisho kabla hamjaja na matusi.

Kwanza kalenda, maana ugomvi wote umeanzia hapo. Kusini huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na kukata Aprili kwenda Mei. Nyasi zinafika kilele mwisho wa Aprili na Mei. Ukikata hapo ndipo unajua ardhi imezalisha nini. Juni moto unaanza kutembea porini, na hadi Septemba sehemu kubwa ni majivu na vichipukizi vya urefu wa kidole. Sasa mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hela ya mafuta ya pikipiki inasuasua mezani kwa watu, inamfikia afisa anayepima malisho Septemba. Apime nini, masizi?

Na msituletee picha za setilaiti. Miti ya miombo inatoa majani mapya Septemba na Oktoba, kabla hata tone halijadondoka. Kutoka angani Liwale yote inang'aa kijani, chini ya miti hakuna cha kumshibisha ndama. Mtu wa kompyuta anapaka rangi ya "hali nzuri", kijiji kinapangiwa ng'ombe zaidi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Unalaza fremu ardhini, unakata nyasi zilizo ndani yake, unazikausha na kuzipima. Fremu ya sentimita 50 kwa 50 ni robo ya mita mraba, kwa hiyo gramu kavu mara 40 ndiyo kilo kwa hekta. Ng'ombe wa kilo 250 anakula asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25 za majani makavu, mwaka mzima kilo 2,281. Nusu ya nyasi unaiacha ardhini. Haya, chukulia wastani wa fremu Mei ni gramu 62 kavu: kilo 2,480 kwa hekta, nusu yake 1,240, ng'ombe mmoja anahitaji hekta 1.8. Eneo hilohilo Septemba baada ya moto unapata gramu 9: ng'ombe mmoja hekta 12.7. Na yule anayepima Mei lakini anajaza uzito wa majani mabichi, gramu 155, anapata hekta 0.74. Ardhi ni moja, majibu matatu, na yote yanaingia safu moja ya jedwali kwa sababu fomu haina hata kisanduku cha tarehe ya kukata wala cha "kavu au mbichi". Aliyeichora fomu hii hajawahi kushika mundu.

Tukija kwenye vifaa ndiyo aibu kabisa. Fremu zinazogawiwa ni za bomba la plastiki lenye unene wa sentimita 2, na fundi kapima 50 kwa nje. Ndani inabaki 46, eneo limepungua asilimia 15, na bado mnazidisha kwa 40! Tumieni nondo ya milimita 8, pimeni kwa ndani, na upande mmoja uachwe wazi. Nyasi za Hyparrhenia zikivuka kimo cha mtu, fremu iliyofungwa pande nne haishuki. Afisa anaitupa pembeni palipo wazi na sampuli yote inakuwa ya vipara. Ya pande tatu inasukumwa kwa ubavu, unakata shina lililoota ndani tu, sentimita 3 kutoka ardhini. Jani lililolala ndani huku shina liko nje, liache.

Mifuko iwe ya khaki. Kwenye nailoni majani yanavunda kabla hayajafika wilayani. Kama hakuna oveni ya nyuzi 70 kwa saa 48, anika hadi mizani isome namba ileile mara mbili. Na mizani iwe ya gramu 300 ya kuning'iniza, siyo ile ya kupimia korosho!

Halafu viwanja vya kudumu, vile vya kurudiwa kupimwa kila mwaka. Mmechimbia vigingi vya miti, mchwa wamekula. Mkaweka vya chuma, vimeishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tukabaki na namba za ramani, nazo zimesomwa kwenye karatasi za zamani za Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, wakati simu inasoma WGS84, mfumo wa GPS. Tofauti ni karibu mita 300. Mita 300 porini ni kutoka mbuga ya udongo mweusi hadi kichanga chenye miti. Mwaka unaofuata mnaandika "uoto umebadilika". Uoto haujabadilika, mmesimama kwingine.

Tani zenyewe pia zinadanganya, hata zikipimwa vizuri. Nyasi hizi zikikauka protini inashuka chini ya asilimia 7, na hapo tumbo la ng'ombe linashindwa kuzisaga ipasavyo. Anashiba huku anakonda. Ongeza mbung'o na umbali wa maji. Pori linaonekana limejaa chakula lakini mchungaji mwenye akili halisogelei. Fomu inalihesabu lote.

Matokeo mnayajua. Tangu wafugaji waliotolewa bonde la Ihefu, Mbeya, waletwe Lindi 2006 na 2007, idadi ya mifugo kwa kijiji inapangwa kwa namba za aina hii. Nyasi zikiisha, ng'ombe wanafuata mabibo na kivuli kwenye mikorosho, Oktoba, korosho ziko chini zinasubiri kuokotwa. Wanakijiji wanashika mapanga, na wa kwanza kuulizwa ni afisa: "Si wewe uliyesema malisho yanatosha?"

Tunachotaka ni kidogo. Hela itoke kabla ya Aprili 15, maana barabara ya Nangurukuru hadi Liwale ikilowa, siku mbili za safari zinageuka tano. Fomu iongezwe tarehe ya kukata, kavu au mbichi, moto umepita lini, na maji yako kilomita ngapi. Na mwenye takwimu za Septemba za miaka iliyopita azitoe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, leo.