Mjadala: Fedha za jumuiya ya wanyamapori ziishie akaunti ya kijiji, au fungu liende kwa wanawake?

MWANZISHA MADA, IDODI
Kamwene wadau. Vijiji 21 vya tarafa za Idodi na Pawaga, Iringa Vijijini, vilitenga ardhi yao pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha vikaunda jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori iitwayo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Wageni wa uwindaji na wa kupiga picha wakilipa, jumuiya inagawa. Kanuni za jumuiya hizi za mwaka 2012 zilitaka angalau asilimia 50 ya mapato iende kwa vijiji wanachama. Hoja yangu inaanzia hapo, fedha ikishaingia akaunti ya kijiji.

Anayelipa gharama ya kuishi na tembo ni nani? Mpunga ukianza kuiva, familia inahamia shambani. Baba analinda usiku, mama anashika zamu ya mchana dhidi ya nyani na ndege, na mjane analinda vyote viwili peke yake. Kuni na maji yanafuatwa njia zile zile za wanyama. Tembo wakila shamba, fomu ya kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, inajazwa kwa jina la mwenye shamba, ambaye huku kwetu mara nyingi ni mume. Halafu mgao wa jumuiya ukija, wanaoupangia matumizi ni halmashauri ya kijiji, ambamo wanawake ni wachache na wengi wao hukaa kimya.

Napendekeza mkutano mkuu wa kijiji upitishe kwamba theluthi ya mgao iende kwa wanawake moja kwa moja, ianzie kwenye mizinga ya nyuki. Kenya wamethibitisha kwamba tembo hukwepa uzio wa mizinga, na asali inauzwa. Nawakaribisha mnaopinga.

MZEE WA PAWAGA
Napinga, na nina sababu. Ardhi iliyotengwa ni ya kijiji kizima. Darasa likijengwa anasoma wa kike na wa kiume, na zahanati anayeitumia zaidi ni mama huyo huyo. Leo theluthi ya wanawake, kesho vijana watadai yao, keshokutwa wazee, na bati la shule halitanunuliwa. Isitoshe, katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya wilaya inayotengwa kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, wanawake wana asilimia 4 yao tayari. Na tumeona vikundi hewa: majina kumi kwenye karatasi, kikundi chenyewe ni mke wa kiongozi na wifi zake.

MWANZISHA MADA
Shikamoo mzee wangu. Ile asilimia 4 ni mkopo, inarudishwa. Mgao wa jumuiya ni malipo ya ardhi tuliyoacha kulima na kuni tulizoacha kukata. Huwezi kumwambia mtu asidai chake kwa sababu kuna mahali anaruhusiwa kukopa. Kuhusu darasa, serikali inajenga madarasa hata kwenye vijiji visivyo na tembo. Kwa nini sisi tuyalipie kwa mazao yetu?

Vikundi hewa vipo, hapo sibishi. Lakini akaunti ya kijiji nayo ikiliwa, hatusemi kijiji kifutwe.

MAMA MFUGAJI
Nyote mnazungumzia mashamba. Sisi wa ng'ombe tulipoteza malisho ardhi ilipotengwa, na simba akivamia zizi usiku, ndama na mbuzi ndio wanaobebwa, hao tunaowatunza sisi wanawake. Mkisema fedha iende kwa vikundi, mimi simo. Kikundi kinataka hisa kila wiki, na mimi kiangazi nimehama na mifugo. Kuna mradi huku uliofunga kamera porini: kijiji kikipata picha nyingi za wanyama kinapata dawa za mifugo, vifaa vya shule na vya zahanati. Dawa ya mifugo inanifikia bila kuulizwa niko kikundi gani.

KIJANA WA MBARALI
Mizinga sawa, lakini mbona hamgusi ajira? Askari wa wanyamapori wa vijiji karibu wote ni wanaume. Zimbabwe mwaka 2017 walianzisha Akashinga, kikosi cha askari wanawake watupu, wanawake wa vijijini kabisa. Mshahara wa kila mwezi mikononi mwa mama una uzito kuliko mgao wa mara moja.

MWANZISHA MADA
Mama mfugaji, umenisogeza. Basi fungu lisifungwe kwa kikundi: liwe la wanawake wote wa kijiji, wao wakae wenyewe waamue kama ni mizinga, dawa za mifugo au vyote. Ajira naiunga mkono, ila nafasi za askari ni chache, haziwezi kubeba hoja yote.

Mzee wangu, bado nakuhitaji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliweka wanawake wasiopungua 3 kati ya wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, na ardhi haikuharibika. Theluthi ya fedha inakutisha nini?

Na kwa wote: mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Tajeni kijiji chenu, na mara ya mwisho fedha ya jumuiya kusomwa hadharani ilikuwa lini.